Nilifuta maandishi yote kwenye slaidi, wakaniuliza ngazi ile ni ya nini

Shikamoo Mwalimu,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wengine nikicheka, leo zamu imenifikia mimi.

Ninafanya kazi katika kitengo cha huduma kwa wateja. Kila robo mwaka ninawasilisha ripoti yetu mbele ya wakuu wa idara, watu kama ishirini hivi, kwa dakika kumi na tano. Kwa miaka miwili slaidi zangu zimekuwa zile zile ambazo kila mtu anazijua: kichwa juu, chini yake vidoti saba au nane, kila kidoti mistari miwili. Nasimama, nasoma, nakaa. Hakuna aliyewahi kuuliza swali.

Kabla ya kikao cha mwisho, bosi wangu aliniita akaniambia, "Slaidi zako zinatuchosha. Watu hawasomi. Weka picha." Hakuongeza neno.

Basi usiku huo nilifuta kila kitu. Slaidi kumi na nne, picha tupu. Penye ushirikiano niliweka watu wawili wanapeana mikono. Penye wazo jipya, balbu inayowaka. Malengo, mshale uliochoma katikati ya shabaha. Changamoto, mtu anapanda mlima. Mafanikio, ngazi ndefu inayoingia mawinguni. Niliona nimefanya kazi ya kitaalamu kweli. Picha mbili, kumbe, zilikuwa bado na jina la kampuni inayoziuza limepita katikati kwa maandishi yaliyofifia. Kwenye kompyuta yangu sikuyaona. Ukutani yalionekana na kila mtu.

Nilipofika slaidi ya nne nilipotea. Nilizoea kugeuka na kuangalia ukutani nipate sentensi inayofuata. Nikageuka, nikamkuta mtu anapanda mlima. Nikakaa kimya, sijui kwa muda gani, ila mimi niliuona mrefu. Kwenye ngazi ndiyo kabisa, maana mkuu wa fedha alinyoosha mkono: "Samahani, ngazi hii inatuambia nini?" Nikasema inaonyesha kwamba tunapanda. "Kutoka wapi kwenda wapi?" Ukumbi ukacheka.

Kinachoniuma ni kwamba jibu ninalo. Ombi la mteja kwetu linachukua wastani wa siku 12. Katika hizo, siku 9 fomu imelala tu kwenye trei ikisubiri sahihi ya pili. Nilikuwa nataka kuomba sahihi hiyo iondolewe kwa maombi madogo madogo. Hakuna aliyeondoka pale akijua kwamba niliomba kitu. Kesho yake mkuu mmoja ambaye hakuhudhuria aliniomba faili, nikamtumia. Akajibu mstari mmoja: "Picha nimepata. Ripoti iko wapi?"

Mwenzangu wa meza ya jirani sasa ananiita Mpiga Picha. Zimebaki wiki tano nisimame tena. Nirudi kwenye vidoti vyangu? Na kama ni picha, maneno yangu niyapeleke wapi?

Wako,
Nimekwama Mbele ya Projekta


Marahaba mwanangu,

Pole. Lakini huyo mkuu wa fedha mshukuru, maana alikuuliza swali ambalo ulipaswa kujiuliza mwenyewe usiku ule. Ngazi yako haikusema kitu. Ungeweza kuihamishia kwenye ripoti ya mauzo, kwenye semina ya malezi, kwenye hotuba ya mahafali, na hakuna ambaye angegundua kwamba imetoka kwako. Mimi hutumia kipimo hicho hicho kwa kila picha: ikiwa inaweza kukaa kwenye wasilisho la mtu mwingine bila kubadilisha lolote, hiyo ni pambo. Mikono inayoshikana, balbu, shabaha, vipande vya fumbo vinavyoungana, wote hao ni ukoo mmoja na ngazi. Bora ukuta mweupe.

Usirudi kwenye vidoti. Bosi wako alikupa nusu ya ushauri, na nusu hiyo ni sahihi. Ukiweka sentensi ukutani na kuanza kuisoma, wasikilizaji nao wanaisoma kimoyomoyo, na macho yana kasi kuliko mdomo. Wewe uko kidoti cha pili, wao wamemaliza cha nane, sasa wanakusubiri wewe umalize kuwasomea walichokwisha kukisoma. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kupima jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, aliona katika majaribio yake kwamba picha ikiandamana na maelezo ya mdomo hufundisha vizuri zaidi kuliko picha na maelezo ya mdomo yaliyoongezewa maandishi yale yale juu ya skrini. Maandishi yanayorudia sauti yanaiba usikivu. Ndiyo sababu miaka miwili hukuulizwa swali. Sidhani kama ni kwa kuwa walielewa.

Wanaohubiri picha tupu nao hupenda kutaja nguvu ya kumbukumbu, na hawasemi uongo. Mwaka 1973 mtafiti Lionel Standing alichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa hadi picha 10,000 kwa siku kadhaa, kila moja ikipita kwa sekunde chache, na walipopimwa baadaye wakatambua sehemu kubwa sana ya walizoziona. Inashangaza, kweli. Ila angalia walichopimwa: kutambua picha waliyokwisha kuiona. Hawakuulizwa ilikuwa na maana gani. Kwa hiyo wakuu wako wataikumbuka ngazi ile mpaka wastaafu. Siku 9 ndizo ambazo hawatazikumbuka, kwa sababu hawakuzipata popote, si ukutani wala mdomoni mwako.

Nikupe mfano wa slaidi ambayo ilihitaji picha ikapewa vidoti. Januari 2003 chombo cha anga Columbia kilikuwa angani, na wahandisi walijua kwamba wakati wa kuruka kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi kikagonga bawa. Wakaandaa slaidi za kuwaeleza wakubwa hatari iliyopo. Moja kati ya hizo ilikuja kuwa maarufu baada ya ajali, pale Edward Tufte, mtaalamu wa kuonyesha takwimu, alipoichambua mstari kwa mstari, na tume ya uchunguzi ikauweka uchambuzi huo katika ripoti yake. Kichwa cha slaidi kilisomeka kwa namna ya kutia moyo. Huko chini kabisa, katika herufi ndogo za kidoti kilicho ndani ya kidoti, ndiko kulikoandikwa kwamba kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi 1920 za ujazo, wakati kilichotumika kwenye majaribio kilikuwa na 3. Yaani mara 640. Majaribio yote waliyokuwa wanayategemea yalihusu kitu kingine kabisa.

Sasa chora hesabu hiyo. Inchi 3 za ujazo ni kama kikombe kidogo cha kahawa. Inchi 1920 ni zaidi ya lita 31, ndoo ya lita ishirini na nusu yake tena. Weka kikombe upande huu, ndoo upande ule, kwa kipimo kimoja, na hakuna mkubwa duniani atakayepita slaidi hiyo bila kusimama. Sisemi slaidi ndiyo iliyoiangusha Columbia. Chombo kilivunjikavunjika tarehe 1 Februari 2003 na watu 7 wakafa kwa sababu bawa lilikuwa na tundu. Nasema jambo zito lilikuwa limeandikwa, lipo, na halikuonekana.

Turudi kwako. Una kikombe na ndoo yako: 12 na 9.

Chukua karatasi na kalamu, kompyuta iache kwanza. Chora miraba 12 katika mstari mmoja, kila mraba ni siku. Wa kwanza: fomu imepokelewa. Wa pili: imekaguliwa, sahihi ya kwanza imewekwa. Kuanzia wa tatu mpaka wa kumi na moja, paka rangi nzito, bila neno lolote ndani. Wa kumi na mbili: mteja anajibiwa. Umeona? Ile rangi nzito inajaza karatasi, na kazi yenyewe imebanwa pembeni huku na huku. Hicho ndicho ulichotaka kusema, na mtu wa mstari wa nyuma anakiona kabla hujafungua mdomo. Rangi nzito na rangi hafifu, lakini. Usitumie nyekundu na kijani, wapo watu, hasa wanaume, ambao kwao hizo mbili ni rangi moja.

Juu yake weka sentensi kamili. Usiandike "Muda wa kushughulikia maombi", hilo ni jina la faili. Andika: "Fomu ya mteja inalala siku 9 kati ya 12 ikisubiri sahihi ya pili." Michael Alley, anayefundisha wahandisi uandishi na uwasilishaji huko Marekani, amekuwa akisisitiza mtindo huu kwa miaka: kichwa kinatoa dai kwa sentensi moja, picha iliyo chini inalithibitisha. Mtindo huo utakuokoa hata ukipotea, kwa kuwa ukigeuka ukutani safari hii utakuta hoja yako mwenyewe imeandikwa pale, na si mpanda mlima.

Slaidi inayofuata, nenda kapige picha kwa simu yako. Trei ile ile ya fomu, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, ukiwa umesimama mahali pale pale. Ziweke ubavu kwa ubavu. Rundo halijapungua, au limepanda. Geuza fomu ya juu kifudifudi kabla hujapiga, majina na namba za wateja si za kuanikwa ukutani. Picha hiyo haitakuwa nzuri, itakuwa na kivuli cha mkono wako na pengine kikombe cha chai cha mtu. Iache hivyo. Kila aliyeko ukumbini atajua ni trei ya ofisi yake, na hiyo ni picha ambayo haiwezi kuhamia kwa mtu mwingine. Pia itakuepusha na aibu ya yale maandishi yaliyofifia, ambayo, nikwambie wazi, maana yake ni kwamba picha haijalipiwa. Ukilazimika kutumia picha ya mtu, tafuta iliyotolewa kwa leseni huria kama zile za Creative Commons, usome masharti yake, umtaje aliyepiga pale anapotaka atajwe.

Slaidi ya tatu nataka iwe maandishi matupu. Ndiyo, mimi huyu huyu. "Tunaomba maombi madogo yapite kwa sahihi moja." Unawaomba watu waamue, na uamuzi unahitaji maneno ambayo hayabadiliki kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Usiitafutie picha. Vivyo hivyo kifungu cha kanuni ambacho mnabishania neno lake moja, jina geni ambalo watu wataliandika vibaya, tarehe ya mwisho, maelekezo ya kufuatwa hatua kwa hatua: hayo yaandike. Mtu anayebadilisha kila kitu kuwa picha ananikumbusha yule anayejibu ujumbe wote kwa vikatuni vya nyuso, mwishowe hujui kama anakuja au haji.

Slaidi kumi na nne kwa dakika kumi na tano sijui ulizihesabu vipi. Kwa hoja hii moja, tano zinatosha.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo gumu, na ndilo bosi wako alilisahau. Vile vidoti vilikuwa vinafanya kazi tatu kwa pamoja, na zote vikizifanya vibaya: vilikuwa kumbukumbu yako wewe, vilikuwa maonyesho ya wasikilizaji, na vilikuwa ripoti ya asiyekuwepo. Ulipovifuta ulifuta zote tatu, ukarudisha moja tu. Hizo mbili nyingine zitafutie makao.

Kumbukumbu yako iweke kwenye sehemu ya maelezo iliyo chini ya kila slaidi, ambayo wewe unaiona kwenye kompyuta na ukumbi hauioni. Usiandike hotuba nzima humo, utarudi kusoma. Andika maneno matatu au manne kwa slaidi: "trei, asubuhi na jioni, nani anasaini". Na kwa kuwa projekta zina tabia zake, yaandike pia kwenye kadi moja ya kushika mkononi. Kisha simama ukaseme yote kwa sauti, si kimoyomoyo, mara tatu au nne kwa siku tofauti. Kimoyomoyo kila mtu ni msemaji hodari. Ukifika mahali unapokwama mara zote, ujue slaidi ya hapo haina hoja. Ivunje.

Ripoti iandike kama ripoti. Kitini cha kurasa mbili, chenye sentensi na aya, jedwali la takwimu, ulivyozikusanya, na ombi lako. Kitoe mwishoni, au kitume siku moja kabla. Ukikigawa mwanzoni watainamisha vichwa wakisome na wewe utaongea na nywele zao. Tufte yule wa Columbia anakwenda mbali zaidi, kwake mambo mazito hayapaswi kuwekwa kwenye slaidi kabisa, watu wapewe karatasi waisome kwanza ndipo wazungumze. Mimi sifiki huko kwa dakika zako kumi na tano, lakini mkuu aliyekujibu "Ripoti iko wapi?" alikuwa na haki yote. Faili la slaidi nzuri likimfikia mtu peke yake huwa pungufu, kwa sababu nusu yake ulibaki nayo wewe mdomoni. Safari hii mtumie kitini.

Mawili matatu ya haraka kabla sijasahau. Picha ijaze ukuta, usiiweke kama stempu kwenye kona; ukiikuza ivutie pembeni kwenye kona yake ili watu wasigeuke wanene au wembamba, na ikianza kuonyesha vijimraba ujue ni ndogo mno, tafuta nyingine. Ifungue kwanza kwenye projekta yenyewe, ukumbini, siku moja kabla. Trei ile itaje kwa mdomo ("asubuhi fomu zinafika usawa wa ukingo, jioni zimeupita"), huenda yupo asiyeona vizuri na hajawahi kukwambia. Na ukitaka wakutazame wewe wakati wa kuomba sahihi iondolewe, kwenye PowerPoint bonyeza herufi B: ukuta unakuwa mweusi. Ukibonyeza tena, slaidi inarudi. Watu hugeuka wote kwa pamoja, utaona.

Kuhusu huyo jirani wa meza anayekuita Mpiga Picha, mwombe akushikie trei vizuri saa kumi jioni.

Mwalimu